Chali Mbele ya Madhabahu

Neno subira hupendwa sana na watu wenye miguu mizima. Huja nalo asubuhi wakiwa njiani kwenda shamba, wanalitua kando ya kitanda chako kama mtu anayetua mzigo aliochoka kuubeba, kisha wanaondoka zao, wakitembea. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kubaki aone neno hilo linavyochacha likikaa siku kadhaa kwenye chumba cha mgonjwa chenye joto na dirisha dogo.

Ninaandika kwa ajili yako uliyelala chali, ambaye dari imekuwa ndiyo mbingu yako. Wengine mkitaka kusoma someni, lakini sikuwakusudia ninyi. Sitakueleza kifua kikuu kinavyotoka kifuani kikahamia kwenye uti wa mgongo. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nitakueleza habari za kulala.

Maumivu yalinianza Ntobeye, kwa mama yangu, nilikorudi kutoka Dar es Salaam ili nimalize riwaya yangu ya pili katika utulivu. Utulivu! Nilikuwa mmoja wa wale vijana wanaokutana jioni kusomeana kurasa na kupigiana makofi, na katika kundi letu utulivu ulimaanisha chumba chenye dirisha, kahawa ya moto, na watoto wa watu wengine wakiwa mbali. Mama alisema kosa ni la kompyuta. "Unajikunja pale kama kuku anayeatamia, halafu unashangaa mgongo?" Akanikanda kwa mafuta ya moto. Vuli ilipofika nilikuwa naamka shuka limelowa jasho. Mvua za masika zikanikuta miguu imekuwa ya mtu mwingine: naituma, inachelewa, kisha inakwenda kwingine. Asubuhi moja nilitoka kuchuma mboga nyuma ya nyumba, nikaanguka katikati ya maharage, na sikuinuka.

Kwetu mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa ingobyi, kitanda cha kusukwa chenye miti mirefu ya kushikia, na wanaume wa mtaa hupokezana mabegani mpaka barabarani. Hiyo ni zamu ya kila nyumba. Hakuna anayeulizwa kama anakupenda. Waliniweka humo, anga likawa linayumba juu yangu, nao huko chini wakawa wanabishana juu ya bei ya mahindi Rusumo.

"Huyu mwandishi mzito," mmoja akasema karibu na sikio langu.

"Ni vitabu alivyomeza," akajibu wa upande wa pili. "Mtikiseni atapike kimoja, tupunguze mzigo."

Walicheka, nikacheka nao, mgongo ukanichoma nikalia, na hakuna aliyesimama kunihubiria. Walibadilishana mabega wakaendelea kupanda kilima. Sikupata tena wachungaji wazuri kama wale.

Benchi la hospitali kule Biharamulo nililijua vizuri kuliko nilivyowahi kujua dawati langu la shule. Nililazwa juu yake nikachukua nafasi ya watu watatu, na kila aliyeingia aliuliza, "Wa mwisho nani?" Mtu akainua mkono, basi. Hakuna aliyeuliza wa mwisho ana dhambi gani. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Aliinua picha ya mgongo wangu dirishani, akaitazama, akamwambia mama:

"Mfupa wake sasa hivi ni kama biskuti iliyolowa kwenye chai. Ukiiacha kwenye sahani itakauka. Ukiinyanyua, inakatika."

Kwa hiyo niwekwe sahanini. Vidonge kila siku bila kuruka, mkanda mgumu wenye vyuma kiunoni, kulala, na nisikanyage chini mpaka yeye atakaposema. Mama hakuweza kukaa nami. Nyumbani kuna bibi asiyeona, na shamba halina mtu mwingine. Ikaamuliwa nilale kwa shangazi Domitila, dada wa marehemu baba, anayeishi Bisibo, kwa kuwa kutoka kwake hospitali si mbali.

Hapa wenzangu waandishi hupenda kuweka dirisha. Hata mimi, katika riwaya yangu ya kwanza, nilikuwa na mgonjwa aliyetazama dirishani kurasa nyingi mpaka akawa na hekima. Mjinga yule hakuwahi kuoshwa makalio na shangazi yake. Hakuwahi kukojoa kwenye beseni mkojo uliogeuzwa na vidonge kuwa rangi ya Mirinda ya chungwa, wala kuona mapaja yake yakiwa membamba kama mikono, wala kupapasa mgongoni akakuta nundu ndogo imeota, ya ukubwa wa yai la kuku, na kujua kwamba hiyo sasa ni yake mpaka kaburini. Vidonge vilinitia kichefuchefu kila asubuhi. Hekima ingekuja saa ngapi? Ingenikuta natapika.

Marafiki wa Dar walinitumia ujumbe. "Haya maumivu yatakuzalia kitabu kikubwa, dada." Nilizima simu. Mtu anayeona kidonda cha mwenzake akafikiria jalada la kitabu anastahili kukosa wasomaji.

Shangazi Domitila ni mjane, mwenye sauti inayofika upande wa pili wa bonde, na ni kiongozi wa kwaya ya akina mama. Alinifanyia kila kitu, na kila kitu alikifanya kwa kelele. Alinigeuza kwa wimbo, akanilisha kwa ombi, akamwaga beseni huku akimkemea shetani kwa jina. Mchana akaleta wageni. Waliingia kwa foleni, "Shikamoo," nawaamkia, "Marahaba mwanangu, pole, subiri kwa Bwana," halafu wakaanza kuangaza macho wakimtafuta wa kuwaletea chai. Mmoja alinieleza kwamba ugonjwa ni shule. Nilimuuliza likizo ni lini. Hakurudi.

Alikuwapo mmoja tu ambaye sikumdharau: Mama Zuhura, jirani, Mwislamu. Alikuja na ungo wa maharage, akaketi mlangoni, akachambua mawe na kunisimulia nani kaozesha na nani kaibiwa mbuzi. Hakuniombea, walau si kwa sauti ya kunisumbua. Maharage yakiisha alisema, "Haya, Rede, mimi naenda kupika," akaenda kupika. Rede ni kifupi cha Redempta. Nyumba nzima ilikuwa imekwisha kubadili jina langu kuwa Mgonjwa.

Na mimi mwenyewe niliomba vipi? Mwanzoni kama shangazi, kwa kelele, ila za moyoni. Nilimtisha Mungu. Nilimwahidi vitu. Nilimwandalia hotuba nzuri zenye tamathali, kwa maana ndiyo kazi niliyoisomea, na nilipozisikia tena kichwani niliona haya, kama mtu aliyeamka na kukuta amelala na vipodozi usoni. Maneno yakaniishia. Nilidhani imani nayo imekwisha. Sikuwa na uchungu wala amani. Nilikaa mbele za Mungu kama ninavyokaa kwenye benchi la hospitali: sina la kusema, sijaitwa, sijaondoka. Wakati huo jambo hilo sikulipa jina. Wahubiri wanaliita kumngojea Bwana na wanalitia ala za muziki. Kwangu halikuwa na ladha yoyote, kama maji, na kwa muda mrefu ndicho kitu pekee ambacho tumbo langu halikukitapika.

Kiangazi kilipoanza, kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Shangazi alikuwa ananipaka mafuta. Alikitazama. Nikakichezesha tena. Akapiga kigelegele, akatoka mbio akiwa na mafuta mikononi, na kabla sijajifunika shuka Bisibo yote ilikuwa na habari.

Siku zile miguu iliendelea kurudi, kidogo leo, kidogo kesho. Ikawa ninaweza kukunja goti. Nikaweza kuinua unyayo. Na nyumbani kwaya ikaanza kuja kufanya mazoezi uani, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno.

"Utakwenda," shangazi akaniambia. "Vijana watakubeba na godoro lako. Utalala mbele, usikie nyimbo. Umekaa humu kama kiazi."

Nilikubali. Nilikuwa na kiu ya nyimbo, na ninaupenda mnada wa mavuno kuliko ibada nyingine zote. Kanisa linajaa mikungu ya ndizi, magunia, mihogo yenye udongo wake, sinia za mayai, kuku waliofungwa miguu. Mtu ananunua yai, analirudisha kwa Bwana, linauzwa tena, na tena, mpaka yai lile linakuwa ghali kuliko mama yake. Vijana waliniweka chini, mbele ya madhabahu, kati ya mkungu wa matoke na jogoo mwekundu aliyenitazama kwa jicho moja. Nilikuwa na furaha. Nakiri hilo, ili ujue nilivyokuwa mbumbumbu.

Mnada ukiwa umepamba moto, mwinjilisti mgeni akachukua kipaza sauti. Alikuwa na suti ya kung'aa na leso ya kufutia jasho ambalo lilikuwa bado halijatoka.

"Kuna mavuno mengine hapa!" akasema. "Mavuno ambayo hamjayapigia bei!"

Akanionyesha kwa kidole. Nikamtafuta shangazi. Alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kwaya, mikono juu, machozi yanamtiririka, na hapo nikaelewa kila kitu. Alikuwa ameweka nadhiri. Alikuwa amewaambia wazee wa kanisa kwamba siku ya mavuno mtoto wa kaka yake ataingia kwa godoro na kutoka kwa miguu yake, na kanisa lote lilikuwa likijua isipokuwa mimi na jogoo.

"Binti, vua huo mkanda!" mwinjilisti akasema. Kinanda kikaanza kutetemeka. "Huo mkanda ni mashaka! Vua mashaka, simama!"

Akaniinamia, akanisogezea kipaza sauti mdomoni.

"Daktari amesema nisisimame," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika kubwa kama ya mtu mwingine.

"Daktari ni nani mbele za Bwana?"

"Ni mtu aliyeiona picha ya mgongo wangu. Wewe umeiona?"

Akina mama wa nyuma wakacheka, wakajizuia. Mwinjilisti akaondoa kipaza sauti haraka, kama aliyeng'atwa.

"Kungoja nako kuna mwisho wake!" akawaambia watu. "Mungu wetu si wa kesho, ni wa leo!" Na kanisa likaitikia, wale wale walioniletea subira kwa foleni miezi yote ile. Kumbe yao ilikuwa imekwisha. Walikuwa na subira ya kumgawia mtu mwingine tu. "Simama! Simama! Simama!" wakapiga makofi, na kuku wakapiga mabawa.

Sasa sikia jambo ambalo hawatakuambia: nilikuwa ninaweza. Goti langu lilikuwa linakunjika. Ningeweza kujivuta, nikashika nguzo ya madhabahu, nikasimama kwa muda wa kutosha watu wazimie kwa furaha. Na nilitaka. Mtu aliyelala miezi kadhaa akitazamwa kwa huruma, halafu akaona watu wote hawa wanangoja kumpigia makofi, anataka kwa mwili wote. Nilitaka kwa ajili ya uso wa shangazi. Nilitaka kwa ajili yangu pia, maana mimi ni mtu wa makofi tangu zamani. Kitu kimoja tu kilikuwa upande wa pili, ile biskuti ndani ya chai.

Nikatazama juu. Paa la bati, mbao, kiota cha nyigu. Sikusikia sauti, wala sikuona nuru, na anayekuja kuniuliza kama niliona namwona ni mmoja wa walewale. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba kuna mtu chumbani kabla hujageuka, kwamba mle ndani alikuwamo mmoja asiyekuwa na haraka. Wote walikuwa na haraka, mwinjilisti, kwaya, kinanda, mimi. Yeye hakuwa nayo. Nikaweka mikono juu ya tumbo, juu ya vyuma vya mkanda, nikalala.

Mwinjilisti akawaashiria wazee wawili wa kanisa waniinue. Walikuja, wakainama, wakaniingiza mikono kwapani. Mmoja wao akasita. Akamgeukia shangazi, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wake na mgongo ni wa ukoo wake.

Shangazi alinitazama, nami nikamtazama kutoka chini nilipokuwa.

"Mwacheni," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Akavua joho la kwaya, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akatoka nje.

Aliyekuwa akiendesha mnada akakohoa. Akamnyakua jogoo mwekundu, akamwinua juu. "Haya, ndugu zangu, huyu walau amesimama! Nani anaanza?"

Nyumbani shangazi hakuniangalia. Alisimama mlangoni akiwa amenipa mgongo.

"Umenivua nguo mbele za watu, Redempta."

"Wewe ulitaka kunivua mkanda, shangazi."

"Usinijibu kiandishi!" Akafunga mlango.

Kuanzia siku hiyo aliniosha bila wimbo. Alinigeuza, alinilisha, alimwaga beseni, yote kwa mikono ile ile isiyokosea, bila neno. Wageni walikoma. Kwaya ikahamia kwingine. Mwinjilisti tuliambiwa amesema nyumba ile ina roho ya ubishi, na tangu hapo ameponya watu wengi katika miji ambayo hakuna anayeifahamu. Mama Zuhura alikuja na ungo wake, akaona hali, akachambua maharage kimya kwa ajili yetu wote wawili.

Nami, mshindi, nilikuwa mtu mbaya kabisa. Nilikuwa nimelala na haki yangu kama mtu aliyelala na jiwe. Kila siku niliingoja siku ya kurudi kwa daktari, aseme mbele ya shangazi kwamba ningesimama ningepooza. Nilimwomba Mungu hilo. Nilikuwa nimepata utulivu mbele ya kanisa zima, nikaugeuza kuwa rungu.

Ukiwa umelala, basi, nakuachia haya, na si mengi. Meza vidonge vyako. Asiyeweza kunyamaza kwenye chumba chako mwambie chai iko jikoni. Usijaribu kuwa na subira nzuri, ya kuonyesha. Ile inayofaa haina sura, na mara nyingi utadhani ni uchovu. Na ukishinda hoja juu ya watu wanaokuosha, usitegemee kujisikia vizuri.

Mvua za vuli zilipokaribia, shangazi alinisukuma kwa kiti cha magurudumu cha kuazima mpaka kwa daktari. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mwenye kikohozi. Akainua mkono, tukangoja. Zamu yetu ilipofika daktari akaiweka picha mpya dirishani kando ya ile ya zamani.

"Mfupa umeshikana," akasema. "Umeshikana vizuri."

Shangazi alikunja mikono. "Daktari, mwanangu, nikuulize kitu. Huyu angesimama siku ya mavuno, bila mkanda, ingekuwaje?"

Nilijiinua kwenye kiti. Nilifungua mdomo kama kinda la ndege, nikiingojea haki yangu.

Daktari akakuna kidevu. "Sijui, mama. Wengine wanasimama mapema na hawapati neno. Wengine hawainuki tena. Siwezi kukuambia yeye angekuwa kundi lipi."

"Kwa hiyo hakuna atakayejua."

"Hakuna."

Nilifunga mdomo. Shangazi alinigeukia polepole, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na uso wake mpana ukaanza kufunguka.

"Basi sare," akasema, akacheka kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Nilijaribu kubaki na hasira. Sikuweza.

Daktari akasema leo nisimame kidogo, na mkanda, nikishika meza. Shangazi akanishika kiuno. Nikasimama. Chumba kikashuka, sakafu ikawa mbali kama unavyoona mto ukiwa darajani Rusumo, magoti yakatetemeka lakini yakashika. Nikauona mlango, na nje ya mlango mwanga wa uani na watu wakipita kwa miguu yao bila kufikiri. Nikaachia meza. Nikainua mguu.

"Wee!" Mkono wa shangazi ulinirudisha kwa nguvu. "Unakwenda wapi? Kesi yote ile uliyonifanyia, halafu leo ndiyo unakuwa na mbio?"

"Mpaka mlangoni tu, shangazi."

"Mlango hauhami. Keti. Nani anakukimbiza?"

Nikaketi.